Kipande, Ngwe na Kichwa Kisichotulia

Neno "kipande" lina historia chungu, na uchungu wenyewe unategemea ulizaliwa upande gani wa mpaka. Kenya, kipande kilikuwa karatasi yenye jina, alama za vidole na rekodi ya ajira, ikatiwa ndani ya kibweta cha bati na kuning'inizwa shingoni. Kuanzia miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika aliyekutwa nje ya eneo lake bila kipande alikuwa na kesi ya kujibu. Kwetu Tanganyika neno lilikuwa lilelile, kitu kilikuwa kingine. Kipande chetu kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi 30. Kila siku uliyomaliza kazi uliyopangiwa, karani au nyapara alitia alama. Nafasi 30 zikijaa, unalipwa. Zisipojaa, unaendelea kuusubiri mshahara wako.

Kinachosahaulika kuhusu kadi hiyo ni kwamba siku 30 hazikulazimika kufuatana. Mtu aliweza kufanya kazi siku mbili, ya tatu akapumzika, ya nne akaenda kuzika, ya tano akarudi shambani. Wenye mashamba walilalamika, maana asubuhi hawakujua watu wangapi watatokea. Lakini wafanyakazi walikuwa haba, na mfumo huo ulioanza enzi za Wajerumani ukarithiwa na Waingereza. Ndani ya siku yenyewe kulikuwa na ngwe: kipimo cha kazi ya mtu mmoja, iwe mistari kadhaa ya kupalilia au mafungu kadhaa ya mkonge. Ukimaliza ngwe yako saa nne asubuhi, siku yako imekwisha. Ukimaliza saa tisa, imekwisha pia. Nyapara alihesabu mafungu. Muda uliotumia, na mara ngapi ulisimama kutazama mawingu, havikumhusu sana.

Nimeisoma historia hii kwa sababu ambayo si ya kitaaluma. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja mjini Singida, na nikiwa na miaka 36 daktari aliniambia nina ule upungufu wa umakini ambao dunia nzima inauita kwa herufi nne, ADHD. Nilikuwa nadhani ni ugonjwa wa watoto, tena watoto wa Ulaya. Daktari akanieleza kwamba kati ya watu wazima 100, wawili au watatu wanao, na wengi hawajawahi kuambiwa na mtu. Nikaanza kujiuliza: hao wawili au watatu wa Singida ya mwaka 1910, au wa 1950, walikuwa wapi? Waliitwaje? Walifanya kazi gani, na ziliwaendeaje?

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Watu hudhani mwenye hali hii hana umakini. Anao, tena wakati mwingine unapitiliza. Kinachomsumbua ni usukani. Akili inaelekea kwenye kilicho kipya, chenye haraka au kinachompendeza, na inakataa katakata kukaa kwenye kilicho muhimu lakini kimepooza. Anasahau alichoambiwa dakika tano zilizopita na anakumbuka namba ya jalada la mwaka 2009. Kazi ya kuwasilishwa Ijumaa haipo kabisa mpaka Alhamisi jioni, halafu ghafla inakuwepo yote kwa pamoja. Mwili nao haukai: mguu unatikisika, kalamu inagongwa mezani, mtu anainuka kwenda kunywa maji ambayo hana kiu nayo. Ili daktari akubali kwamba ni hali hii, na si uchovu au mawazo tu, lazima dalili ziwe zilianza utotoni, ziwe zinatokea mahali zaidi ya pamoja, na ziwe zinaharibu maisha kwelikweli.

Wazungu walianza kuliandika jambo hili zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1775 daktari Mjerumani, Melchior Adam Weikard, aliandika kuhusu watu wasioweza kutuliza fikra zao mahali pamoja. Miongoni mwa tiba alizopendekeza ni maji baridi, kupanda farasi na maziwa yaliyoganda. Kwa dawa hiyo ya tatu, Wanyaturu tungekuwa tumepona wote. Mwaka 1798 Mskoti, Alexander Crichton, akaeleza watu ambao mbwa akibweka tu, au mtu akitembea chumbani, fikra zote zinatawanyika. Katika miaka ya 1840 daktari mwingine Mjerumani, Heinrich Hoffmann, akamchora katika kitabu cha watoto mtoto Philipp asiyeweza kutulia mezani. Mwaka 1902 George Still akawahutubia madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto wenye akili timamu kabisa lakini wasioweza kujizuia. Mwaka 1937, Marekani, Charles Bradley akagundua, bila kutarajia, kwamba dawa ya kuchangamsha iliwafanya watoto wa namna hiyo watulie na kusoma. Dawa inayotumika zaidi leo, methylphenidate, ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944.

Ukiipanga orodha hiyo vizuri utaona kitu. Kuanzia kwa Hoffmann, anayetajwa ni mtoto, na mara nyingi anakutwa shuleni au mezani: mahali ambapo kukaa kimya kumegeuzwa kuwa kazi yenyewe. Jina la upungufu wa umakini liliingia rasmi katika kitabu cha uainishaji cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na toleo la 2013 ndilo lililoweka wazi vigezo vya mtu mzima. Kwa hiyo mtu mzima mwenye hali hii, kama kitu chenye jina, ana umri mdogo kuliko baiskeli yangu. Hali yenyewe ni ya zamani. Jina ndilo jipya.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka ule ambao Still alihutubia London, Wajerumani walikuwa wameshajenga boma Kilimatinde, katika wilaya ambayo leo ni Manyoni, na kodi ya nyumba ilikuwa imeshaanza kudaiwa. Kabla ya hapo kazi ya nchi hii kavu ya Singida ilikwenda kwa misimu. Mvua ni chache, inakuja mara moja kwa mwaka, na ikija kila mtu anakimbia: kulima, kupanda mtama na uwele, kupalilia kabla majani hayajashinda. Halafu inafuata miezi mirefu ya ukame, ya mifugo, ya mizinga ya nyuki, ya safari na ya mashauri. Mchungaji anatembea na ng'ombe mchana kutwa, macho yakiruka kutoka kwa ndama hadi kwenye kichaka. Kazi nzito ilifanywa kwa kualikana, jirani kwa jirani, mwenye shamba akiandaa pombe.

Sidai kwamba mtu asiyetulia aliishi kwa raha katika maisha hayo. Mchungaji anayewaza mambo mengine hupoteza ng'ombe, na ng'ombe akipotea kuna fimbo. Ninachosema ni kwamba hapakuwa na kazi iliyomtaka mtu mzima akae kwenye kiti saa nane mfululizo akifanya kitu kilekile, peke yake, bila kuona mwisho wake. Aina hiyo ya kazi ililetwa.

Ililetwa polepole, na kodi ndiyo iliyoifungulia mlango. Kodi ilitaka fedha, fedha ilikuwa kwenye mashamba, na vijana wa kanda ya kati wakaanza kushuka. Babu yangu mzaa baba, mtu wa upande wa Ikungi, alitembea hadi Reli ya Kati akaenda kukata mkonge Kimamba, karibu na Kilosa. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chombo chao cha kuajiri, SILABU, na watu walioajiriwa kwa mikataba wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu hakuwa na sifa nzuri za kusimulia kuhusu Kimamba. Mkonge unachoma, posho ilikuwa ndogo, nyapara alikataa kutia alama kwa fungu moja lililopungua, na siku isiyotiwa alama ni siku uliyofanya kazi bure. Lakini alikuwa na msemo mmoja nilioukariri tangu utotoni: "Ngwe ina mwisho." Alipokuja kuona wajukuu wanafanya kazi ofisini alitusikitikia. Aliuliza, sasa ninyi mnajuaje kama mmemaliza?

Swali hilo la mzee ndilo lililonifanya nitafute vitabu. Maana malalamiko ya wakoloni kuhusu mfanyakazi Mwafrika yanafanana sana, neno kwa neno, na barua za onyo ambazo mtu kama mimi hupokea. Haji kwa wakati. Anaanza kazi hamalizi. Hawezi kupanga. Anahitaji kusimamiwa kila dakika. Anafanya kwa bidii siku moja, kesho yake hafai. Ukisoma maandishi ya walowezi wa Kenya na Tanganyika unaweza kudhani unasoma orodha ya dalili kwenye kliniki.

Na kweli kuna daktari aliyeifanya iwe hivyo. J. C. Carothers alisimamia hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Hakuwa amesomea tiba ya akili alipopewa kazi hiyo. Mwaka 1951 alichapisha makala akidai kwamba Waafrika hawatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo, akawafananisha na Wazungu waliofanyiwa upasuaji wa kukata sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamtumia kueleza Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia badala ya suala la ardhi.

Msomaji ataona kwa nini ukurasa huo ulinikaa. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayotajwa leo na wanasayansi wanapoeleza upungufu wa umakini: ndiyo inayoshika usukani, inayopanga, inayozuia, inayokumbusha. Carothers alichukua jambo linalowapata watu wachache katika kila taifa duniani, akalibandika kwa bara zima kama asili yake. Uongo huo umesemwa sana kwamba ulikuwa ubaguzi, na ulikuwa. Kuna madhara yake ya pili ambayo hayasemwi. Ukishasema wote hawana umakini, huwezi tena kumwona yule mmoja ambaye kweli anahangaika. Amefichwa ndani ya tusi lililotupwa kwa kila mtu.

Halafu ukaja Uhuru, na tukalijibu tusi lile kwa namna ambayo ilikuwa ya lazima. Kauli ilikuwa Uhuru na Kazi. Taifa jipya lilipaswa kuonyesha kwamba Mwafrika anajua kufanya kazi, na mvivu akawa adui wa umma kama mnyonyaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja hata saa: wafanyakazi wa mshahara mjini wakipiga saa saba na nusu au nane kwa siku, kama 45 kwa wiki, likataka wanavijiji nao wajipime. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya kugawa nguvu kazi, ambayo watu waliifupisha kwa jina la Nguvu Kazi tu. Wasioweza kuonyesha kazi rasmi walikamatwa barabarani Dar es Salaam wakarudishwa vijijini. Mzururaji akawa na kesi, kama mwanamume wa Kenya asiye na kibweta shingoni.

Naelewa kwa nini viongozi wale walizungumza vile. Nchi ilikuwa maskini na kazi ilikuwa nyingi. Lakini matokeo yake kwa watu wa aina yangu yalikuwa kwamba lugha ya kazi ilibaki na maneno ya tabia peke yake: mvivu, mzembe, mtoro, mzururaji. Na upande wa pili, lugha ya akili ilikuwa na neno moja tu la mahali. Hospitali ya Mirembe ilijengwa Dodoma mwaka 1927, na kwa sisi wa Singida, majirani zake, jina hilo likawa methali. "Huyu apelekwe Mirembe" maana yake amerukwa na akili. Basi mtu mzima asiyeweza kumaliza ripoti alikuwa na milango miwili: aitwe mzembe afukuzwe, au aitwe kichaa apelekwe Mirembe. Kati ya milango hiyo palikuwa na ukuta mtupu, na watu wengi wameishi maisha yao yote wakiwa wameegemea ukuta huo.

Katika ofisi niliyofanya kazi kabla ya hii, ambayo sitaitaja, jalada langu binafsi lilikuwa na neno "uzembe" mara nne kwa miaka miwili. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mtu huyohuyo aliweza kupanga upya masijala nzima kwa usiku tatu, ilipotangazwa kwamba wakaguzi wanakuja.

Kuna hadithi nyingine ambayo watu wenye hali hii huipenda sana, na kwa kuwa inaugusa mkoa wetu lazima niiseme. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwandishi Mmarekani, Thom Hartmann, alisema kwamba watu kama sisi ni wawindaji waliobaki katika dunia ya wakulima: macho yanayozunguka, mwili ulio tayari, uamuzi wa haraka. Wawindaji wenyewe tunao. Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako Munguli, wilaya ya Mkalama, ndani ya Mkoa wa Singida. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopima usingizi wa Wahadzabe watu wazima 33 kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja ulikuwa dakika 18 tu. Karibu daima kulikuwa na mtu aliye macho, bila zamu kupangwa. Hali ambayo kwa karani ni kasoro, kambini inakuwa ulinzi.

Kuna utafiti mwingine, wa mwaka 2008, uliofanywa kaskazini mwa Kenya kwa Waariaal, wafugaji wa Marsabit. Watafiti waliangalia aina moja ya kinasaba ambayo huko nyuma ilikuwa imehusishwa na hali ya kutotulia. Miongoni mwa wanaume walioendelea kuhamahama na mifugo, wenye kinasaba hicho walikuwa na afya ya mwili nzuri zaidi kidogo. Miongoni mwa ndugu zao waliokwisha kuhamia kijijini, wenye kinasaba hichohicho walielekea kuwa wembamba kuliko wenzao. Damu moja, kabila moja, aina mbili za maisha.

Utafiti huo ni mzuri na nimeusoma mara tatu, lakini naomba tusiupandishe juu kuliko unavyobeba. Kinasaba kimoja hakimfanyi mtu awe na ADHD. Mchango wake ni mdogo. Na Wahadzabe si kioo cha kutazamia ugonjwa wa karani. Mwindaji anayenyatia pundamilia nusu siku, akafuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa hadi kesho yake, ana uvumilivu ambao mimi sina hata robo yake. Tena kuwaita watu hai "mabaki ya zamani" ni Carothers aliyevaa nguo nzuri zaidi. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ilijaribu mara kadhaa kuwaweka Wahadzabe katika makazi ya kudumu, na mara kadhaa wengi wao walirudi porini. Sababu zao zilikuwa chakula, ardhi na uhuru. Tusiwageuze kuwa dalili.

Kinachobaki, ukiondoa chumvi, ni jambo dogo na imara: kichwa hiki kinaumia au kinapona kidogo kulingana na umbo la kazi. Na umbo la kazi linatengenezwa na watu. Limebadilishwa mara nyingi hapa nchini kwa miaka 120 tu iliyopita, kwa hiyo linaweza kubadilishwa tena.

Nina binamu ambaye naamini ana hali ileile, ingawa hajapimwa na mimi si daktari. Shule ilimshinda, duka likamshinda. Leo ni mmoja wa watu wanaotafutwa sana kwenye mashine za kukamua alizeti msimu unapofika. Kuanzia mavuno ya katikati ya mwaka magunia yanapangana hadi barabarani, mashine zinapiga kelele, wateja wanagombana, mafuta yanachuruzika, mashudu yanapakiwa, na yeye katikati ya vurugu hiyo ametulia kama maji mtungini. Analipwa kwa gunia. Gunia lina mwisho. Msimu ukiisha anaanza kusambaratika tena, na shangazi anaanza kulalamika.

Mimi siwezi kwenda kukamua alizeti, basi nimejenga ngwe zangu ofisini. Barua zinazoingia nazisajili 15 kwa 15, kisha natoka nje hadi kwenye mti ulio karibu na maegesho, narudi. Kazi kubwa sianzi bila kuiandika kwanza katika vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kumalizika kabla ya chai. Mwenzangu wa meza ya pili tumekubaliana: nikiwa na ripoti, anahamia karibu nami na kazi zake, hatuongei. Hanisaidii chochote ila kuwepo, na kuwepo huko kunatosha. Wazee waliokuwa wakialikana shambani walilijua hilo bila kusoma kitabu. Nina daftari dogo lenye kamba, nalivaa shingoni, na kila ninachoagizwa naandika papo hapo, mkubwa akiwa bado anaongea. Mwanzoni baadhi yao waliona ni dharau. Wenzangu wamelibatiza jina. Wanaliita kipande.

Dawa ninayo, niliandikiwa, na mara nyingi naifuata Dodoma, kilomita kama 240. Inasaidia. Inanipa sekunde chache kati ya wazo na kuinuka, na katika sekunde hizo mtu anaweza kuchagua. Lakini haipangi majalada, na kwa Mtanzania wa kawaida si kitu cha kutegemea. Methylphenidate iliombewa nafasi katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena 2021, ikakataliwa mara zote mbili, na nchi nyingi maskini huanzia kwenye orodha hiyo zinapopanga za kwao. Kwa hiyo kwa sasa tiba iliyo karibu zaidi na mfanyakazi wa Singida ni namna kazi yake inavyopangwa, na ufunguo wa hiyo anao msimamizi wake.

Sheria haimzuii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri aweke mazingira yanayomwezesha mtu kufanya kazi. Hakuna kifungu kinachosema ngwe ni haramu. Hata serikali yenyewe imekuwa ikirudi huko kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2004 ililetwa OPRAS, fomu ya kupima utendaji ambayo wengi tuliijaza mara moja kwa mwaka kwa kubuni. Sasa kuna PEPMIS, ambapo mtumishi wa umma anaingiza kwenye mfumo majukumu yake yakiwa yamekatwakatwa na kuripoti alichotekeleza. Walimu wanaulalamikia, na wana sababu, intaneti ya vijijini ikiwemo. Mimi nilipouona kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Ile ni kadi ya nafasi 30, imerudi kwenye kompyuta.

Tofauti ni nani anaishika. Kadi ya Kimamba ilikuwa mkononi mwa nyapara, na alama aliitoa au kuinyima apendavyo. Vipande hivyohivyo, mfanyakazi akiwa amevikata mwenyewe na kukubaliana na mkubwa wake, vinakuwa msaada. Ndiyo maana sipendekezi turudi kwenye mkonge. Napendekeza msimamizi anayetaka kuandika neno "uzembe" kwenye jalada la mtu ajiulize kwanza maswali mawili ya kawaida: je, mtu huyu hushindwa kazi zote, au zile zisizo na mwisho unaoonekana tu? Na je, amewahi kupewa kazi hiyohiyo kwa ngwe? Majibu hayo hayahitaji daktari wala bajeti. Yanahitaji wiki mbili za kujaribu.

Wale wawili au watatu katika kila 100 hawakuanza mwaka 1980. Walikuwepo kwenye boma la Kilimatinde, kwenye mistari ya mkonge, kwenye malori ya Nguvu Kazi. Wengine wako leo kwenye masijala na kwenye madarasa, wakisubiri barua ya nne. Babu aliuliza tunajuaje kama tumemaliza. Ofisi inayoweza kumjibu swali hilo kila mfanyakazi wake, kabla ya saa tisa na nusu alasiri, itashangaa kuona wazembe wake wamepungua.